Ukurasa wa Pili wa Barua ya Theodory

"Theo, hii sentensi ya ukurasa wa pili umeiandika wewe?"

"Sentensi ipi, mpenzi? Pandisha sauti, hapa Mikumi malori hayanyamazi."

Mwanne alikuwa amekaa juu ya dungu la kulindia ndege, katikati ya mpunga wa mama yake upande wa Tindiga. Simu sikioni, kopo lenye mawe mkononi. Ndege walipotua alilitikisa mpaka wakaruka wote. Kisha akaweka kidole kwenye barua ya kikundi ya kuomba ardhi na kusoma polepole, kama alivyosoma kila kitu tangu amalize darasa la saba.

"'Uongozi wa kikundi utabaki kwa mwenyekiti mwanzilishi mpaka ardhi itakapopimwa na hati kutolewa.' Mwenyekiti mwanzilishi ndiyo nani?"

Lori likapita, likafuatwa na jingine.

"Ni mimi. Kwani ubaya uko wapi?"

"Babu yangu alisubiri kupimiwa shamba mpaka akapimiwa kaburi, Theo."

"Sikiliza, Mwanne. Serikali ya kijiji ikituona kila mwaka tunabadilishana viti, itasema ni watoto wanacheza. Mimi nakilinda kikundi."

"Watu thelathini na mmoja wametia saini. Nimewazungukia mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyesoma. Walisema, kama ameleta Mwanne, lete kalamu."

"Ndiyo maana nilikupa wewe."

"Na mimi ungeniambia lini?"

"Nilijua hutafika ukurasa wa pili!" Theodory akacheka, akidhani ametania.

Ndege wakatua tena. Safari hii Mwanne hakutikisa kopo.

Theodory alikuwa mtu wa milimani, Lumuma. Amesoma hadi kidato cha nne, ana duka la kuchapa na kutoa kopi mjini Kilosa. Miaka miwili nyuma alifika kijijini kwa kina Mwanne na jambo moja tu kichwani: lile shamba la mkonge lililotelekezwa, ambalo lilikuwa limerudishwa kijijini, vijana waliombe walilime pamoja. Kila mtu avune kwa kadiri ya siku alizoshika jembe, na kila kitu kiamuliwe mkutanoni. Mpango huo akauita ujamaa, watu wakacheka.

"Ujamaa gani, kaka?" Goodhope, mpiga soga wa kijiji, alimuuliza siku ile. "Umeona picha za zamani ukapenda mashati?"

"Wa zamani walipangiwa," Theodory akajibu. "Sisi tutapiga kura."

Mwanne aliipenda sentensi hiyo kabla hajampenda mwenyewe.

Kikundi kikaanza na ekari tano za majaribio, wakulima na vijana wawili wa kifugaji ambao zamani wangeonana kwa fimbo. Theodory ndiye aliyeandika katiba, akaisoma mkutanoni, na kuleta desturi zote. Kuitana ndugu, wakubwa kwa wadogo. Mwenyekiti kukaa mwaka mmoja, kisha anarudi kwenye jembe. Na kura za wazi: wagombea wanasimama mbele, kila mwanachama anajipanga nyuma ya anayemtaka, hakuna karatasi ya kupotea njiani. Sasa mwaka ulikuwa umekwisha, na uchaguzi ulikuwa Jumamosi.

Jioni ujumbe wa Theodory ukaingia.

"Jumamosi simama nyuma yangu kama mwaka jana. Wakikuona wewe, wote watakuja. Hayo mengine tutayamaliza nyumbani kwetu."

Nyumbani kwetu. Yeye Mkristo, Mwanne Mwislamu, kwa hiyo wazee walikubaliana ndoa ya bomani. Tangazo lao lilikuwa limebandikwa ubaoni, siku ishirini na moja, mwenye pingamizi aseme. Mwanne aliandika jibu, akalifuta. Akaandika jingine, akalifuta nalo.

"Hiyo simu itachubuka," mama yake akasema huku akipepeta mchele. "Kuna nini?"

Mwanne akamsomea barua, halafu ujumbe. Mama akaweka ungo chini.

"Shamba la ujamaa la hapa mnasimuliwa lilikufa kwa uvivu wetu. Mie nilikuwa mdogo, nampelekea bibi yako maji palepale. Watu walikuwa wanalima, tena wanaimba. Ila siku moja mwenyekiti alikuja shambani na kiti. Akakaa, akaanza kusoma majina. Tangu siku ile kila mtu akaanza kuumwa kiuno."

"Theo siyo mtu mbaya, mama."

"Hata yule hakuwa mbaya. Alichoka kuinama, basi."

"Nikisema mbele za watu nitamkosa."

"Huenda." Mama hakumficha. "Tangazo limebaki siku kumi. Mimi hilo siwezi kukuchagulia, mwanangu."

Jumamosi walikutana kwenye bohari la zamani la mkonge, lile lisilo na nusu ya paa. Theodory alifika kwa pikipiki, mchangamfu.

"Ndugu zangu! Nimetoka Mikumi. Vijana wa wilaya nne wanataka kuiga tunachofanya hapa. Mwaka huu tusipoteze muda na uchaguzi. Tuendelee na uongozi huuhuu, tukimbizane na barua ya ardhi."

"Naunga mkono, mheshimiwa!" mtu akasema nyuma.

Mwanne alisubiri amkosoe. Mwaka jana angesema, mheshimiwa yuko bungeni, hapa kuna ndugu. Theodory alitabasamu tu. Mwanne akanyoosha mkono.

"Ndugu mwenyekiti, naomba nafasi."

Shingo zikageuka. Mwanne kuomba nafasi ilikuwa habari yenyewe.

"Nimesimama kuomba radhi. Niliwapitishia barua bila kuisoma yote. Kosa langu. Sasa nimeisoma, na nyie mnapaswa kuisikia."

Akaweka kidole, akasoma. Alikwama kwenye "mwanzilishi", akarudia, akamaliza.

"Subiri kwanza," Goodhope akadakia. "Hiyo na mimi nimesaini?"

"Umesaini."

"Sikuuliza chochote?"

"Uliuliza kama nina kalamu au utumie yako."

Watu wakacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Theodory alikuwa hacheki.

"Mwanne, haya tungeyamaliza nyumbani."

"Nyumbani hawapo hawa thelathini na mmoja."

"Wewe! Darasa la saba unataka kunifundisha katiba niliyoiandika kwa mkono wangu?"

Hapo hata waliokuwa wanatafuna miwa walisimamisha taya. Sauti ya Mwanne haikupanda.

"Uliiandika wewe, ndugu Theodory. Lakini ulitusomea. Ndiyo maana naijua."

Goodhope akapiga kofi moja. "Uchaguzi ufanyike! Nani mgombea mwingine?"

Wakamtaja Editha, shoga yake Mwanne, ambaye alikuwa amekaa kwenye gunia akisuka mkeka.

"Mimi? Jamani, nimekuja kusikiliza!"

Wakamsukuma mbele, mkeka mkononi. Theodory akasimama upande wa kulia, Editha kushoto, na watu wakabaki wameganda katikati, wote wakimwangalia Mwanne. Hatua zilikuwa kumi tu. Zilimchukua muda kama anavuka mto uliojaa. Alimpita Theodory karibu kiasi cha kusikia pumzi yake, akaenda kusimama nyuma ya Editha.

Wengine wakamfuata; nyuma ya Theodory wakasimama wanne tu. Aliwahesabu kwa macho, akautoa muhuri wa kikundi mfukoni, akaukabidhi kwa Editha, akapiga stati pikipiki yake.

Wiki ile simu haikulia. Mwanne aliamka, akaamia ndege, akarudi, akaiangalia, akaiweka.

"Umempigia?" Editha akamuuliza.

"Bado."

"Unampenda?"

"Sana."

"Basi wewe una wazimu. Ningekuwa mimi ningesimama nyuma yake, halafu nimnunie nyumbani mpaka akome."

"Ningesimama nyuma yake siku ile, ningesimama hapo maisha."

Editha akatikisa kichwa. Halafu akamletea daftari: barua iandikwe upya, na Mwanne ndiye aiandike. Akazunguka tena nyumba zilezile. Safari hii hakumpa mtu kalamu kabla hajamsomea mpaka mwisho. Goodhope alitaka isomwe mara tatu, akaongeza sharti kwamba atakayelala mkutanoni asilaumu kura. Wakalikataa. Alhamisi Editha akaipeleka Kilosa ikachapwe.

"Umeipeleka kwa nani?"

"Kwa nani mwingine? Kwa bwana wako. Amechapa mwanzo mwisho. Aliuliza tu kama mwandiko ni wako."

Mwanne akazipokea karatasi. Akaweka kidole juu ya mstari wa kwanza. Ukurasa wa kwanza, sawa. Akafunua wa pili. "Mwenyekiti atakaa mwaka mmoja, kisha atarudi kwenye jembe. Mabadiliko yoyote yataamuliwa na mkutano." Neno kwa neno, kama alivyoandika yeye. Hapakuongezwa kitu, hapakupunguzwa. Akarudi mwanzo, akasoma tena yote.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa zamu ya kung'oa mkonge wa zamani. Editha alikuwa anagawa ngwe, kila mtu na kipande chake cha kulima, pale Theodory alipotokea. Alikuwa kwa miguu, jembe begani.

"Ndugu mwenyekiti. Mwanachama amekuja. Kuna ngwe?"

Editha akamtazama toka juu hadi chini. "Ipo moja. Ile ya pembeni, yenye visiki."

Ngwe ya pembeni ilipakana na ya Mwanne. Theodory akainama akaanza. Jembe lake lilikuwa linagonga visiki tu, mikono imezoea mashine ya kuchapa. Wakalima hatua nyingi.

"Nilikutamkia neno baya," akasema mwishowe.

"Ulinitamkia."

"Naomba unisamehe."

"Ulinitamkia mbele za watu, Theo."

Akasimama. Akafuta jasho kwa mkono wenye udongo, akapaza sauti. "Ndugu zangu! Wiki iliyopita nilimdharau Mwanne mbele yenu. Na kabla ya hapo niliwadharau nyote, nilipowaletea karatasi nikijua hamtasoma. Nilikosa."

Majembe yakatulia.

"Tumesikia!" Goodhope akaitikia kutoka mbali. "Sasa lima, usitafute sababu ya kupumzika!"

Shamba zima likacheka, na Mwanne akajikuta anacheka nao. Theodory akainama tena.

"Mikumi walinipigia makofi mpaka nikasahau makofi ni ya nani," akasema taratibu. "Nikaogopa. Nilidhani nikitoka mbele, kitu chote kitakufa."

"Umeona kimekufa?"

Akaangalia mstari wa watu waliokuwa wanalima. "Hapana. Hiyo nayo iliniuma kidogo."

Mwanne akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza siku ile.

"Jana nilipita bomani," Theodory akaendelea.

Jembe la Mwanne likaganda. "Kuliondoa tangazo?"

"Nilitoka nyumbani na nia hiyo, sikufichi. Nikasimama ubaoni, nikalisoma kwa kidole, kama wewe. Jina lako. Langu. Tarehe. Karani akaniuliza kama nina pingamizi."

"Ukamjibu nini?"

"Kwamba mimi sina. Labda bibi harusi."

"Ninalo moja."

Theodory akaegemea mpini wa jembe. "Liseme."

"Nyumbani kwetu hakuna mwenyekiti mwanzilishi."

Akalifikiria, kweli akalifikiria, hakukimbilia kujibu. "Zamu?"

"Zamu. Na ukitaka kunisemea, niulize kwanza."

"Nakubali."

"Basi lima, ngwe yako imebaki nyuma."

Jumatatu, siku ya ishirini na mbili, walikuwa bomani Kilosa. Mama yake Mwanne na kanga mpya, wazee wa Lumuma na makoti yao, Editha shahidi, Goodhope na kamera ya simu ambayo haikutulia. Wakala kiapo. Karani akasogeza hati, akaweka kidole chini kabisa.

"Bibi harusi, saini hapa."

Mwanne akaishika kalamu, kisha akainyanyua hati na kuigeuza kuangalia nyuma yake.

"Samahani, kaka. Kuna ukurasa wa pili?"

Karani akaangalia saa ya ukutani, akaangalia foleni mlangoni. "Dada, wenzako huwa wanasaini tu."

Theodory akavuta kiti chake karibu, akakaa vizuri kama mtu mwenye siku nzima.

"Msubiri, ndugu yangu," akamwambia karani. "Mke wangu anasoma yote."