Mwenyeji wa Nyuma ya Kaiyaba

Aliyeitikia hodi alisema, "Karibu, mwaya, karibu ndani." Hapo ndipo Riziki alipopaswa kushtuka, maana Nchiru, huku Umeruni, hakuna anayesema mwaya; hilo ni neno la kwao Tanga.

Lakini alikuwa na mwezi wa pili tangu avuke mpaka kutoka Tanga kumfuata mumewe, Mutegi, fundi wa maabara ya chuo kikuu. Mimba yake ilikuwa ya miezi sita. Nesi alimwambia atembee kila siku, naye akatembea. Akaijua njia ya hosteli za wanafunzi, njia ya posho mill ya kusaga mahindi, na kijia cha matope kinachopita kando ya boma lililozungushiwa kaiyaba, mti wa miiba mirefu. Watu walimwitikia salamu, kisha wakarudi kwenye Kimeru chao.

Siku hiyo mvua ilimkuta hapo kwenye kaiyaba, akapiga hodi.

Mwenyeji alikuwa mwanamke mwembamba aliyejifunga leso mbili. Chumba kilinuka udi na, chini ya udi, udongo uliotoka kuchimbwa. Walizungumza habari za Tanga mpaka mvua ikakatika.

"Mwezi wa sita huu," mwanamke alisema, ingawa Riziki hakuwa amemwambia. Akamwekea kiganja tumboni. "Huku hakuna wa kukukanda, mwaya. Nitakukanda mimi."

Kiganja kilikuwa baridi. Mtoto, aliyekuwa akicheza tangu asubuhi, akatulia.

Riziki akarudi kesho yake, na siku zilizofuata. Kila akitoka humo, mtoto alichelewa zaidi kucheza. Alijiambia ni uchovu wa kutembea. Siku moja, akiaga, akasema lile analolisema kila mtu wa kwao: "Nawe uje kwangu, shoga."

Mwanamke akashika nguzo ya lango. "Tangu niletwe hapa," alisema, "hakuna aliyewahi kuniambia hivyo."

Jioni hiyo Mutegi alikuwa akimenya viazi waliposikia ndara barazani. Zikaburuzika mpaka mlangoni, zikasimama.

"Umewasha udi?" Mutegi aliuliza.

"Ni rafiki yangu. Yule wa kwenye kaiyaba."

Kisu kikasimama. "Riziki," alisema polepole, "kule hakuna mtu."

Kulipokucha mtoto hakucheza kabisa. Mutegi akamleta Kagwiria, muuza mboga wa barabarani, pamoja na akina mama wa kanisa. Kagwiria aliongea akitazama sakafu.

"Mwenye hiyo boma alioa bibi wa Tanga. Uchungu ikamshika akiwa peke yake. Alipiga nduru, sisi tukadhani ni mambo ya bwana na bibi. Tukamzika hapo ndani, yeye na mtoto. Bwana akahama, boma ikabaki tupu."

"Mlikuwa mkiniona nikiingia?"

"Tulikuona, madam. Kila siku."

"Na hamkusema?"

"Tulidhani umepata mtu wenu, amehamia hapo."

Akina mama waliimba na kukemea kwa Kimeru mpaka sauti zikawakauka. Ndara ziliendelea kutembea, jikoni hadi chumbani, chumbani hadi jikoni, kama za mgeni anayekagua nyumba.

"Haelewi mnachomwambia," Riziki alinong'ona. "Na nilimkaribisha mwenyewe. Lazima nimsindikize."

"Hauendi peke yako," Mutegi alisema.

Lakini walipofika kwenye lango la kaiyaba wote walisimama, hata Mutegi, na Riziki akaingia katika ukungu akiwa ameshika tumbo kwa mikono miwili, ndara zikiburuzika ubavuni mwake, harufu ya udongo ikimjaa kooni, akisema maneno yote ya heshima aliyofundishwa, umefika dada, nakuaga dada, pumzika dada, mpaka akauona mlango, akageuka kuondoka, na nyuma yake sauti ikasema kwa upole, kama anavyosema mwenyeji yeyote wa Tanga ambaye hawezi kumwacha mgeni aondoke peke yake, "Basi nami nikutoe mpaka langoni, mwaya."

Riziki akakimbia. Alikimbia kwa wepesi ambao hakuwa nao tangu mwaka uanze. Alipofika langoni ndipo alipoelewa kwa nini. Leso yake ilikuwa imelala bapa juu ya tumbo.

"Mutegi!"

Mutegi alikuwa akitazama nyuma ya Riziki.

Mwanamke akampita Riziki akitembea taratibu, kiganja kiunoni, tumbo mbele. Uso ulikuwa wa Riziki. Leso pia.

"Anacheza," alisema. "Mtoto anacheza."

Mutegi alilia. Kagwiria akamkumbatia mwanamke yule, akamfuta matope miguuni kwa kitambaa chake mwenyewe. "Pole, mama. Leo utakunywa chai kwangu. Na kesho. Utazoea kwetu."

Riziki akanyoosha mkono, akashika mkono wa koti la mumewe. Mutegi akajipangusa kama mtu aliyeguswa na utando wa buibui. "Ukungu umezidi," alisema. "Twende nyumbani."

Riziki akataka kuwafuata. Miguu ikakataa kuvuka lango. Walikwenda wote wakiongea, na hakuna aliyemwambia aje.