Babu Aliyefanywa Mturuki

— Futa kitu hicho, Saada. Futa sasa hivi.

Mzee Abdalla alisema hivyo huku akigeuza kibao cha mlangoni kionyeshe kwamba duka limefungwa, ilhali ilikuwa Jumamosi saa nne asubuhi na wateja wa udi na khanga ndio kwanza wanaanza kuingia. Mji mzima wa Brooklyn Center, huku Marekani, ulijua kwamba mzee huyo hafungi duka hata theluji ifike magotini.

— Baba, majibu ya DNA hayafutiki kama meseji.

— Basi usimwonyeshe mtu. Kesho watu wanakuja kukuposa, wewe unaniletea Wales. Wales ndiyo wapi?

— Ni nchi, Baba. Iko ubavuni mwa Uingereza.

— Ndiyo hao hao wazungu.

Tuseme kweli, balaa hili Saada alilileta kwa mkono wake. Mama yake Salmin, kijana aliyetaka kumwoa, ni Bi Ummulkheir wa mji jirani wa Fridley, naye ni mwanamke anayekuuliza ukoo kabla hajakuuliza hali. Nasaba za watu wa Mombasa amezihifadhi kichwani, na akikosea jina la babu yako, basi ni wewe uliyekosea. Siku ya kwanza kukutana na Mzee Abdalla alimuuliza, "Nyinyi ni akina nani?" Mzee akajibu bila kupepesa macho kwamba babu yake mzaa baba alikuwa Mturuki, mfanyabiashara wa Istanbul.

Saada alikulia kwenye hadithi hiyo na kichwa kilimvimba nayo. Akanunua kipimo, akatema mate kwenye kichupa, akapanga majibu yakija ayatie kwenye fremu ampelekee mama mkwe kama zawadi. Majibu yakaja. Uturuki hakuna hata tone. Sehemu moja ya nane ya damu yake ilitoka Wales.

— Baba, ulijua?

Mzee Abdalla akavuta kiti akakaa. Kwa mara ya kwanza Saada alimwona baba yake kazeeka.

— Bibi aliniambia nikiwa mdogo. Mumewe alikuwa mchochea makaa melini. Akashuka Mombasa, akasilimu, akaitwa Yusuf. Babangu Said alitaniwa mtaani mpaka akachoka, "mtoto wa mzungu wa makaa". Ndipo akamfanya baba yake Mturuki.

— Na ile biashara ya Istanbul?

— Hiyo niliiongeza mimi.

Saada nusura acheke, lakini moyo ulikuwa mzito. Akatoka nje akaingia garini, akampigia Salmin, aliyekuwa kwenye mapumziko ya kazi huko Shakopee, kwenye ghala ambako alikuwa msimamizi wa shifti.

— Salmin, sisi si Waturuki.

— Ati nini?

Akamweleza yote. Salmin akasogea mbali na mashine zilizokuwa zikinguruma.

— Sasa sikiliza, mpenzi. Mimi hata ungekuwa umeshuka mwezini, nakutaka. Lakini unamjua mama. Usimwambie. Acha ndoa ipite, then tutamwambia pole pole.

— Pole pole lini? Tukiwa na watoto watatu?

— Saada, ni siku moja tu ya kunyamaza.

— Ndivyo alivyosema babu Said. Ona tumefika wapi.

Akakata simu. Alikasirika, na zaidi ya kukasirika aliumia, kwa sababu alitegemea Salmin aseme neno jingine. Alikuwa bado anajifuta machozi ujumbe ulipoingia. Ulitoka kwa mwanamke wa Wales aitwaye Eirlys, mwalimu mstaafu, ambaye ule mtandao wa vipimo ulikuwa umemwonyesha kwamba yeye na Saada ni damu moja.

"Mpendwa Saada, babu yangu alikuwa na ndugu mmoja tu, Ifan. Alipanda meli akapotea. Nimewatafuta watoto wake kwa miaka kumi na tisa. Nilianza na Australia, kisha Marekani, maana huko ndiko watu wetu wengi walikohamia. Nimeandikia makanisa, nimeandikia bandari, nimelipia watu wanisomee majina makaburini. Hakuna aliyenishauri niulize misikitini. Nakutumia barua yake ya mwisho, ya mwaka 1934, niliyoipata majuzi tu. Nimeitafsiri mwenyewe."

Saada akaifungua. Alipofika mwisho hakuweza kuwasha gari. Miaka kumi na tisa, mama wa watu, mtu asiyemjua, anatafuta jina ambalo wao wenyewe walikuwa wanalizika kila siku.

Jumapili baada ya adhuhuri wageni wakafika. Viatu vya theluji vikajaa mlangoni, sebule ikanukia udi, sambusa zikapangwa. Bi Ummulkheir aliketi katikati kwa buibui lake la hariri, mgongo wima. Pembeni yake Salmin, na upande mwingine kaka yake Bi Ummulkheir, mjomba mtu, aliyekuja kusema maneno ya posa.

— Mzee Abdalla, akaanza mjomba, tumekuja kwa heshima. Kijana wetu amemwona binti yenu…

Mlango wa chumbani ukafunguka. Saada akatoka, simu mkononi.

— Samahani wazee wangu. Kuna jambo mlijue kabla Baba hajajibu.

Mzee Abdalla akakohoa. Salmin akainamia zulia.

— Mwanangu, akasema Bi Ummulkheir, mposwa hasemi siku ya posa.

— Najua, mama. Lakini nikinyamaza leo nitanyamaza umri wangu wote. Babu wa Baba hakuwa Mturuki. Alikuwa mtu wa Wales, mchochea makaa. Ninayo barua aliyomwandikia mama yake. Naomba niisome.

Hakungoja ruhusa.

— "Mama, nimeoa. Jina lake Zuhura. Nasali kama wanavyosali watu wake, na nasali kwa moyo. Najua Baba hatanisamehe, na najua sitarudi. Wengine waambieni nimekufa mkitaka, lakini wewe sikufichi. Siku mtoto wangu akigonga mlango wenu, msimkane."

Akamgeukia baba yake.

— Baba, yeye aliwasihi watu wake wasitukatae. Sisi ndio tuliomkana.

Hakuna aliyegusa sambusa. Bi Ummulkheir alimtazama mwanawe.

— Salmin, wewe ulijua?

Kijana akainua uso. Angeweza kusema hapana, na hakuna ambaye angemshtaki.

— Nilijua jana, Mama. Mimi ndiye niliyemwambia anyamaze mpaka ndoa ipite. Nimeona haya. Yeye ana moyo kunishinda.

— Haya yakupasa, akasema mama mtu, kisha akamgeukia mwenye nyumba. Mzee Abdalla, nakuuliza mara ya pili. Babu yako mzaa baba ni nani?

Mzee akasimama. Akafunga mikono nyuma.

— Jina lake Ifan. Akasilimu akaitwa Yusuf. Alichochea makaa melini, akaacha kwao, akaacha mamake, kwa ajili ya bibi yangu. Mimi nilimwonea haya. Niwie radhi, Bi Ummulkheir. Na Mungu aniwie radhi kwa nilivyomkana.

Bi Ummulkheir akamnyooshea Saada kidole.

— Huyo Ifan ana wazee? Au yeye tu?

Saada akapekua simu. Eirlys alikuwa ametuma pia ukurasa wa Biblia ya nyumbani kwao, ambamo majina ya ukoo yaliandikwa.

— Ifan mwana wa Owen, mwana wa Rhys, mwana wa Gruffydd, mwana wa Hywel, mwana wa Ieuan, mwana wa Dafydd.

Mama mtu alikuwa akihesabu kwa vidole, midomo ikichezacheza. Alipomaliza akarudia kuhesabu.

— Saba, akasema. Sie wenyewe twafika watano, hapo mbele twabahatisha. Na huyo mama amewatafuta miaka mingapi?

— Kumi na tisa.

— Mashallah. Huyo namtaka nimjue.

Kisha akaweka mkoba wake chini, alama kwamba haondoki.

— Baba mtu alinidanganya. Binti amenambia kweli, na alikuwa na kila sababu ya kuficha. Kaka, endelea na maneno yako. Sie hatukuja kumposa baba mtu.

Mjomba akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Mzee Abdalla alikubali posa huku akifuta macho kwa ncha ya kilemba.

Wageni walipokuwa wakivaa viatu, Salmin alimfuata Saada jikoni.

— Bado wanitaka?

— Nakutaka. Lakini siku utakayoniambia tena ninyamaze…

— Sitathubutu. Umenifunza mbele ya mama yangu, hilo halisahauliki.

— Basi chukua sahani hii ya sambusa uende.

Nikaha ilifungwa mwezi wa Mei. Eirlys alikuja kwa ndege kutoka Wales, kikongwe mwembamba mwenye gauni la kijani, hina mpaka viwikoni, na Bi Ummulkheir hakumwacha mkono tangu asubuhi. Walipopanga viti vya wazee wa upande wa bibi harusi, Mzee Abdalla mwenyewe alimwongoza mpaka kiti cha mbele kabisa. Mgeni mmoja akainama akamnong'oneza:

— Mzee, huyu mzungu ni nani?

Mzee Abdalla akajibu kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima:

— Huyu ni dada yangu. Babu yake na babu yangu ni tumbo moja.