Asiyetupa Karata

Bomba la kijiji lilikuwa halijatoa hata tone kwa wiki tatu. Jua lilipoanza kulala, Mwalimu Godwin akafunga madumu mawili kwenye baiskeli, ashuke bondeni kama watu wote wa Kitangari. Mkewe alikuwa anaumwa mgongo. Alimwambia kitu kimoja tu.

"Baba Agatha, leo usikae na hiyo simu huko. Tangu juzi hatujaoga."

"Sikai."

Alikaa.

Foleni ya kisimani ilikuwa ndefu, na foleni ndefu ndiyo ilikuwa ugonjwa wake. Akaketi juu ya dumu, akafungua poka ya simu. Pesa zenyewe kidogo kidogo. Unapewa karata mbili mkononi, tano zinafunuliwa mezani, mwenye mkono mzuri anachukua. Godwin alikuwa amefundisha hesabu miaka kumi na tisa, na alicheza kama mwalimu wa hesabu. Karata mbaya alitupa. Za wastani alitupa. Angeweza kutupa mara thelathini ili acheze mara moja, na hiyo moja alistahili kushinda.

Kustahili, ndugu yangu, ni jambo lingine kabisa.

Tangu mwezi wa saba palikuwa na mtu pale mezani anayejiita Jembe. Hana picha, haandiki neno. Jembe hakutupa karata hata siku moja. Apewe saba na mbili, takataka ambayo hata mlevi angeitupa, anafuata. Umwongezee dau, anafuata. Umwongezee tena, anafuata. Wachezaji wote wanajua kwamba mtu wa namna hiyo ndiye anayekulisha. Ukiwa na subira atakuachia kila alicho nacho. Godwin alikuwa na subira. Lakini karata ya mwisho ikifunuliwa, ni ya Jembe. Leo hivyo, kesho hivyo.

Mwanzoni alitukana kimoyomoyo. Halafu akanunua daftari, na kila alipopigwa hivyo aliandika mstari mmoja: Nilicheza sawasawa. Ilikuwa dawa yake ya kutuliza hasira. Sasa daftari lilibakiza kurasa mbili, na hasira yenyewe ilishamwisha, akabaki na uchovu. Akifumba macho usiku anaziona karata zikifunuliwa. Alikuwa na haja moja tu duniani: amshinde Jembe mara moja, aufute mchezo, alale.

"Shikamoo, Mwalimu."

Alikuwa Mwanne, mjane wa rafiki yake Awadhi, anaweka ndoo yake kwenye foleni.

"Marahaba, Mama Pendo. Za huko nyumbani Makote?"

"Tupo." Akasogea karibu. "Umepita kwa Bwana Nurdin siku hizi? Mikorosho yake yote imepaliliwa, chini peupe kama uwanja wa shule. Na hana kibarua hata mmoja."

Godwin akalisogeza dumu lake mbele kidogo.

"Watu wanasema ana ndondocha," Mwanne alinong'ona. "Mimi sisemi. Ila mume wangu naye alikuwa hachoki."

Huku kwetu ndondocha ni mtu aliyezikwa na hakufa. Mchawi amemficha, ninyi mmezika kivuli. Anamlimisha gizani, anamlisha pumba, naye hachoki, hachagui, halalamiki.

Godwin akainamia simu asimtazame yule mama. Mwaka juzi, mwalimu mzima, alikwenda kwa Nurdin huyohuyo kutafuta dawa ya bahati. Mganga hakudai kuku wala hela. Alisema tu, "Nitajie mtu asiyechoka." Godwin alicheka. Akamtaja Awadhi, aliyekuwa akicheza naye karata tangu utotoni, wakishindania korosho mbichi, na ambaye hata siku hizo hakuwahi kutupa karata. Aliona ni jina tu. Mvua zilipoanza, Awadhi alilala mzima, hakuamka. Ikasemwa ni moyo. Godwin alibeba jeneza, akakubali kwamba ni moyo.

Simu ikatikisika mkononi. Ree mbili.

Hakuna mkono unaoanza vizuri kuliko huo. Akaongeza dau. Wote wakatupa, isipokuwa Jembe. Akaweka pesa zote. Jembe akafuata, karata zikalala wazi. Jembe ana saba na mbili.

Mezani zikaanza kufunuliwa: mzungu wa nne, yule mfalme. Tisa. Saba.

Bado Godwin yuko mbele.

Nne.

Harufu ikampita puani... pumba zilizolowa, zilizokaa siku nyingi. Akageuka. Palikuwa na Mwanne tu, anajifunga kanga.

Mbili. Jembe ana jozi mbili, Godwin moja.

"Nilicheza sawasawa," alijisemea. Alikuwa anataka kuzima simu, Jembe akaandika. Kwa mara ya kwanza.

*Gody.*

Mtu mmoja tu aliwahi kumwita hivyo, na alikuwa amemzika.

*Nimechoka, Gody.*

Godwin aliogopa. Lakini aibu ilikuwa kubwa kuliko woga, na Mwanne alikuwa palepale, mkono mmoja kutoka kwake. Akaizima simu. Zamu yake ilipofika akajaza madumu, akaaga, akaanza kusukuma baiskeli kupanda.

Kilima kile kina adabu yake. Mtu akielemewa na mzigo husema, "Nipokee," na aliye karibu hujibu, "Lete," akaupokea. Huulizi wewe ni nani. Watoto wetu wanajua hivyo kabla hawajajua kuandika.

Giza lilikuwa linaingia. Baiskeli inalia kwii... kwii... Mabibo yaliyooza yananuka pande zote. Alipofika usawa wa shamba la Nurdin akasikia mlio mwingine.

Ko... ko... ko...

Jembe linapiga udongo. Polepole, bila kupumzika.

Akaongeza mwendo. Mlio ukakoma.

Nyayo. Za miguu mitupu. Nyuma yake.

Zile pumba zikanuka tena, karibu na sikio.

"Nipokee."

Haikuwa sauti ya kutisha. Ilikuwa sauti ya mtu aliyekwisha nguvu kabisa. Na Godwin naye alikuwa hoi, akili yote iko kwenye ile karata ya mbili, na mdomo ukajibu kama ulivyofundishwa utotoni.

"Lete."

Akageuka, mikono ameinyoosha. Hapakuwa na mtu. Ila kitu kilitua kwenye viganja vyake, kirefu, cha mviringo, kimelowa jasho. Mpini. Alipoukunja mkono, haukushika chochote.

Alifika nyumbani maji yote yamo. Mama Agatha akafurahi. Godwin akaoga, akaufuta mchezo mbele ya mkewe, akajilaza. Hakuona karata hata moja.

Asubuhi Mwanne akapita mlangoni, uso umemtulia. Alikuwa amemwota Awadhi amerudi nyumbani, amenawa miguu, amelala kitandani kwake. "Mara ya kwanza tangu tumzike, Mwalimu. Sasa na mimi nitalala." Godwin akamwitikia, huku mikono ameificha nyuma. Viganja vilikuwa vimetoka malengelenge, na chini ya kucha kulikuwa na udongo mwekundu.

Alipoingia ndani mkewe alikuwa anamtazama.

"Baba Agatha, ulikuwa wapi? Nilipoamka kusali, upande wako ulikuwa wa baridi."

"Nililala."

Akajifuta mdomo. Kitambaa kikatoka na vumbi jepesi, la rangi ya kaki, kama pumba. Mezani simu ikawaka yenyewe. Mchezo aliokuwa ameufuta ulikuwa wazi, na jina lake liko mezani. Michezo mia tatu na kumi na mbili tangu jana jioni. Alizotupa: sifuri.

Mama Agatha akamshika paji la uso, akasahau swali lake. "Macho yako mekundu. Umechoka, eeh? Panda ulale, shule nitatuma mtu."

Godwin akausikiliza mwili wake, kuanzia mabegani mpaka nyayoni, akiutafuta ule uchovu wa miezi yote. Aliutafuta kwa hamu, kama mtu anayetafuta ufunguo wa nyumba yake.

"Hapana," akasema. "Sijachoka."

Na haukuwa uongo.