Kiatu Chini ya Breki

Kiatu cha kulia cha Mwalimu Soksi kilianza kutembea chenyewe mara tu baada ya msiba. Jioni alikivua, akakiweka na mwenzake nyuma ya mlango wa chumbani, na asubuhi akakuta cha kushoto kiko peke yake. Akamlaumu mkewe, akawalaumu panya, akaenda kazini na kandambili. Alipofungua gari la shule ya udereva, ambalo funguo zake alikuwa amelala nazo mfukoni, kiatu kilikuwa ndani. Kilikuwa kimebanwa barabara chini ya pedali ya breki, upande wa mwalimu.

Alikichomoa, akakitupa kiti cha nyuma. Mtu asiye na lake moyoni angepiga kelele mpaka majirani watoke. Yeye aliwasha gari.

Jina la Soksi alipewa na wanafunzi, na alilistahili. Alikuwa akiingia garini tu, viatu anavua. Analaza kiti nyuma, anapandisha miguu juu ya dashibodi, kidole gumba kinachungulia kwenye tundu la soksi, kisha anasinzia huku akitoa amri: "Klachi. Gia. Twende. Usinitetemeshee gari!" Sasa, gari la kufundishia lina breki mbili, ya mwanafunzi na ya mwalimu, na zimeungwa kwa chuma kimoja. Ukikanyaga hii, na ile inashuka. Ndiyo maana mtu ambaye hajawahi kushika usukani anathubutu kuushika, kwa sababu anajua kuna mguu mwingine pale unaomlinda. Mguu wa Soksi ulikuwa juu ya dashibodi unapunga upepo.

Somo lililowatoa watu jasho lilikuwa la mlimani. Nyuma ya maghala kulikuwa na mteremko mkali unaoishia kwenye ukuta wa matofali. Mwanafunzi husimamisha gari katikati ya mteremko, pua ikitazama juu, halafu aondoke bila kurudi nyuma. Mwenzake anayesubiri zamu hushika jiwe, ili gari likimshinda dereva alitupie nyuma ya tairi. Mwalimu mwenye akili humsimamisha mtu wa jiwe pembeni. Soksi alimsimamisha katikati kabisa, nyuma ya gari, mgongo kwa ukuta. "Ukimwona mwenzako kwenye kioo utaiheshimu breki," alisema, na wanafunzi walitii, maana yeye ndiye mwalimu.

Hivyo ndivyo alivyokufa Kitinda.

Alikuwa binti wa mwisho kwao, na alitaka kuendesha gari la wagonjwa. Nyumbani alikuwa akiigiza king'ora mpaka mama yake anaziba masikio. Usukanini siku ile alikuwa dada yake, msusi wa nywele, kwa kuwa walijiandikisha pamoja. Gari lilipoanza kurudi, Msusi alikanyaga breki, breki ikakataa. Akasimama juu yake kwa miguu yote miwili, ikawa ngumu kama sakafu. Alipokumbuka breki ya mkono, ukuta ulikuwa umeshafika.

Mafundi walikagua gari, wakakuta breki nzima kabisa. Soksi akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema dada mtu alibabaika akakanyaga klachi. Watu wakaamini. Mama mtu naye akaamini, na hapo ndipo Msusi alipokwisha. Mama hakumfukuza wala kumpiga. Alimwekea chakula mezani na kugeuza uso ukutani, na hakumwita tena "mwanangu". Msusi alirudia neno lake lile lile, "Mama, breki ilikuwa ngumu," mpaka siku mama yake alipomjibu, "Kigumu ni huo moyo wako." Tangu siku hiyo alifunga mdomo, na alichobaki akikitaka duniani ni mama yake ajue ukweli.

Soksi alinunua viatu vipya. Asubuhi cha kulia kilikuwa chini ya breki. Akaazima vya shemeji yake, vikubwa, vinamlegea. Cha kulia kikaenda kule kule.

Halafu zikaanza habari za kioo. Wa kwanza kuona alikuwa mstaafu mmoja wa posta, mzee mpole aliyekuwa akijifunza udereva ili aache kuwasumbua wakwe zake. Walikuwa mlimani, jua la mchana limewaka, na siku hiyo hakukuwa na mtu wa jiwe.

"Mwalimu," mzee alisema taratibu, "yule binti nyuma yetu umemleta wewe?"

"Binti gani? Tazama mbele."

"Ameshika jiwe. Mwambie asogee, mwanangu. Mimi bado mguu wangu haujatulia."

Soksi alishusha miguu kutoka kwenye dashibodi. Hakugeuka. Ndani ya gari iliingia harufu ya klachi iliyoungua, na nyuma ya harufu hiyo ikaja nyingine, tamu, ya mafuta ya nywele yaliyopakwa asubuhi, ile ile iliyokuwa ikijaa garini kila Kitinda alipofungua mlango.

"Anacheka," mzee alinong'ona. "Mwalimu, mbona anacheka?"

Breki ya mkono, ambayo hakuna aliyeigusa, ikaanza kupanda yenyewe katikati yao, krrk, krrk, krrk, jino moja baada ya jingine, mpaka ikafika mwisho, ikatulia hapo, na wakati mzee anahangaika kufungua mlango wake, Soksi akaisikia ikiachiwa kwa mlio mmoja mdogo, tak, akakanyaga breki ya upande wake kwa nguvu zake zote, nayo ikawa ngumu, haishuki, akainama kutazama akakiona kiatu, akakichomoa kwa kucha na kukanyaga tena, na gari likasimama karibu kabisa na ukuta, kwenye ile sehemu ambayo matofali yake yalikuwa yamesuguliwa kwa maji na sabuni na bado hayajarudia rangi yake.

Mstaafu alirudi nyumbani kwa miguu, na kwa jinsi alivyoisimulia habari ile, wiki hiyo hiyo wanafunzi wengi walihamia shule nyingine.

Nyumbani nako hakukukalika. Alfajiri mkewe Soksi alimwamsha kwa kumfinya.

"Baba watoto, mlango hausukumiki."

"Sukuma vizuri."

"Nimesukuma. Kuna kitu nje kimezuia." Akashusha sauti mpaka ikawa pumzi tu. "Na kuna mtu anaigiza king'ora. Sikiliza. Anaigiza kwa mdomo."

Soksi alisikiliza, akavuta shuka mpaka kidevuni. King'ora kile chembamba kilizunguka nyumba, kikapita dirisha la jikoni, kikapita dirisha la watoto, kikaja kusimama karibu na kichwa chake, upande wa pili wa ukuta, kikashuka, kikashuka, kikageuka kuwa pumzi za mtu aliyebanwa kifua. Kulipokucha majirani waliondoa jiwe mlangoni. Lilikuwa lile la mlimani, lenye doa. Mkewe alifungasha watoto siku hiyo hiyo akaenda kwa wazazi wake.

Ndipo Soksi alipomtafuta mganga. Alikuwa mama mmoja mnene, mwenye miwani na maneno machache. Alizunguka gari, akanusa kiti cha mwalimu, akaenda kukaa peke yake mlimani kwa muda, akarudi na vumbi kwenye magoti.

"Aliyekufa hajarudi," alisema. "Waliokufa wana safari yao. Pale mlimani lipo jini, na limekaa pale kabla hayo maghala hayajajengwa. Liliona yote. Yule binti alipokata roho, kinyongo chake kilibaki hewani, nalo likakiokota. Sasa limevaa sura yake na linakudai somo."

"Somo gani?"

"Lililokatika. Yule dada akae usukani. Kiti cha mwalimu kibaki wazi. Na wewe ukashike jiwe, pale pale ulipomsimamisha marehemu. Gari likipanda mpaka juu, somo limekwisha." Alivua miwani, akaifuta. "Kuna jambo hujaniambia?"

"Hakuna, mama."

"Haya. Mimi nimeuliza tu. Lenyewe limekusikia ulivyojibu."

Soksi alimkuta Msusi saluni, akimsuka mteja. Alisimama mlangoni na kandambili zake, kofia mkononi, akaeleza. Msusi hakusitisha vidole.

"Mwalimu, si mimi ndiye muuaji?"

"Dada yangu, yale yamepita..."

"Hayajapita. Ulisema mimi sijui klachi wala breki. Leo unanipa usukani na wewe unasimama nyuma?"

"Nakuomba."

Msusi alifunga rasta aliyokuwa akiisuka, ndipo akamtazama. Alikuwa amekonda, lakini macho yake yalikuwa makavu. "Nitakuja. Ila mama yangu awepo, asimame karibu aone kila kitu. Bila mama siendi."

Walikutana mlimani saa za jioni, jua bado lipo. Mama mtu alikuja, akasimama pembeni na mtandio umekazwa kichwani, bila kumsalimu mtu. Mganga alimvua Soksi viatu vyote viwili, akavitia kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga fundo, akaushika mwenyewe. Soksi akateremka na soksi zake mpaka nyuma ya gari. Alilipakata jiwe kifuani.

Msusi aliingia garini peke yake. Harufu ya mafuta ya nywele ilikuwa imemtangulia. Aliyajua mafuta yale, yeye ndiye aliyempaka mdogo wake asubuhi ile, akamchana nywele kwa kitana huku wakigombania kioo. Machozi yalimpanda, akayarudisha. Kwenye kioo cha juu alimwona Soksi amesimama pale pale, mgongo kwa ukuta, na chuki ikamjaa mpaka mikononi.

Akawasha gari. Akaachia breki ya mkono.

Gari likaanza kurudi.

"Breki!" Soksi aliita. "Kanyaga breki!"

Gari lilikuwa linarudi taratibu kisha si taratibu tena, changarawe zikilia chini ya matairi, na Soksi alitupa jiwe likakosa tairi likabingirika pembeni, akataka kukimbia lakini miguu yake ikagoma kama iliyoshikwa visigino na mtu aliyelala chini, akatazama kushoto na kulia na kila upande akauona uso mmoja, wa msichana anayecheka na jiwe mkononi, na kioo cha nyuma cha gari kikawa kikubwa, kikawa kikubwa zaidi, akaliona ndani yake lile alilokuwa amelizika kwa uongo wake wote, akapiga yowe lililosikika mpaka barabarani:

"Kiatu! Kiatu changu kiko chini ya breki! Kitoe kiatu! Haishuki mpaka ukitoe kiatu!"

Gari likasimama. Bampa yake ya nyuma ilikuwa imegusa vifungo vya shati la Soksi.

Mganga aliinua mfuko wa plastiki, fundo likiwa palepale.

"Viatu vyako ninavyo mimi," alisema. "Hicho unachokisema ni cha siku gani?"

Mama mtu akasogea mpaka karibu na Soksi kabisa.

"Siku ile ulikuwa umevua viatu," alisema polepole, kama anayejisomea mwenyewe. "Kikateleza chini ya breki yako, ikakwama, na ya mwanangu ikakwama nayo. Ulikiona."

"Mama, nilikitoa baadaye... watu walikuwa wanakuja, niliogopa..."

"Ulikiona, ukanyamaza, ukaniachia nimchukie mtoto niliyebaki naye." Alimtemea mate usoni, akamgeuzia mgongo, akaenda kwenye mlango wa dereva. Akaufungua. "Mwanangu," aliita. "Mwanangu, nisamehe. Breki ilikuwa ngumu."

Msusi alimwangukia kifuani, wakalia wote wawili kwa sauti, bila kumwonea mtu haya. Baadaye alirudi usukanini, akalipandisha gari mpaka juu, halikurudi nyuma hata kidogo. Somo likaisha.

Lakini kuna kitu ambacho Msusi hakumwambia mama yake wala mganga. Jioni ile breki ilikuwa laini. Aliijaribu alipoingia tu, ikashuka bila taabu. Gari lilipokuwa linarudi, mguu wake ulikuwa sakafuni, naye aliuacha hapo makusudi, akimtazama Soksi kwenye kioo, na hata lile yowe halikumfanya aunyanyue. Alitaka ukuta ufike. Pedali ya mwalimu ndiyo iliyoshuka yenyewe mbele ya kiti kitupu, ikavuta na yake, na kutoka kwenye kiti kile sauti aliyoilea tangu ikiwa ya mtoto mchanga ikamwambia sikioni:

"Dada, huyu niachie mimi."

Soksi alihukumiwa, akakaa ndani, akatoka. Alihamia mji ulio tambarare kabisa, usio na kilima wala mteremko, akapanga chumba kilichotazamana na ukuta wa karakana. Viatu aliacha kuvaa. Hakupanda gari tena, na kila lililoegeshwa alilizunguka kwa mbali, kwa kuwa alikwisha kuona kwamba kila akikaribia hurudi nyuma kidogo, kiasi cha kidole.

Asubuhi moja gari la mikate liliegeshwa mbele ya mlango wake, nyuma yake ikielekea mlangoni. Dereva alivuta breki ya mkono mpaka mwisho, akafunga milango, akaingia dukani. Soksi alitoka akiwa na soksi zake, kopo la maji mkononi, akasikia harufu ya mafuta ya nywele. Akashusha macho. Kizingitini kulikuwa na kiatu cha kulia, kile cha kwanza kabisa, ambacho polisi walikichukua kuwa ushahidi na hakikurudishwa. Ndani ya gari tupu kitu kikalia, tak.

Akarudi nyuma hatua moja, mgongo wake ukagusa ukuta kando ya mlango.