Maganda Yaliyooga kwa Sabuni

Mguu wa Bi Kinyaa ulizama kwenye ndoo mpaka kifundoni, kituo cha mabasi kimefurika watu, saa saba mchana. Kiatu cheupe, kipya! Ndani ya ndoo mlikuwa na maganda ya viazi ya juzi, yanateleza, yanatoa povu.

"Ptuu! Kaka, unafuga uozo?" alifoka. "Mnanuka, wewe na ndoo yako!"

Muuza chipsi, shati la bluu limelowa mafuta kifuani, akacheka. "Pole, mrembo. Nzi wangu hawajawahi kulalamika."

Kinyaa akaziba pua aondoke. Kisha akainama akanusa tena. Wenzake walimwita Kinyaa kwa kuwa kila kitu kilimtia kinyaa, na kazi yake maabara ilikuwa kulisha ukungu! Ukungu huo ulitoa kimeng'enya cha kuyeyusha wanga, lakini kwa pumba ulidumaa. Mkuu wa maabara alishasema: usiponenepa kufikia Ijumaa ya mwisho wa mwezi, unatupwa, na mlezi wake afungashe virago. Na uozo huu ulikuwa wanga mtupu.

"Niletee ndoo maabara kila asubuhi, nilishe ukungu wangu," alisema.

Mapenzi hayana adabu, yakaanzia ndooni. Ndoo zikaja, simu zikafuata.

"Mtoto wetu amekula?" muuza chipsi aliulizia ukungu.

"Amekula, baba yake. Ameota manyoya kama panya mfu. Nimetapika mara mbili."

"Basi kafanana na mama."

"Koma wewe!" Alikata simu akicheka peke yake.

Jumatatu ya wiki ya mwisho, sahani zote za ukungu zikawa ute wa kijivu, ila moja. Kinyaa akafunua ndoo mpya. Harufu ya waridi! Akapiga simu.

"Umetia nini humu?"

"Nimeyaosha, mpenzi. Sabuni ya maua, maji matatu. Tangu juzi natia sabuni kidogo, leo nimezidisha, usione kinyaa sana."

"Umeniulia ukungu wangu! Mjinga mkubwa! Usinipigie tena!"

Asubuhi yake akakuta ndoo mlangoni, mwenyewe hayupo. Maganda hayajaoshwa, yamezingirwa na nzi. Mlinzi akamwambia, "Kaacha ujumbe. Siku ya kwanza ulimwambia ananuka. Tangu hapo anaoga mara tatu kwa siku, akaona na mzigo wako uoge."

Kinyaa akajichukia kuliko alivyowahi kuchukia harufu yoyote. Akayachemsha yale maganda, akapoza, akaulisha ukungu wa sahani ya mwisho huku machozi yakimtoka.

Ijumaa mkuu akamwaga iodini, dawa inayogeuza wanga kuwa mweusi, juu ya sahani ya wanga. Sahani ikawa nyeusi tii. Lakini palipodondoshwa maji ya ukungu pakabaki peupe, wanga umeliwa, upana wa kisahani cha chai. "Umenenepa," mkuu alisema, ameshika pua.

Kinyaa akakimbilia kituoni na koti la maabara linalonuka. Muuza chipsi alivaa shati jeupe, akakaanga viazi bila kumtazama.

"Nisamehe. Nilikutukana, na kosa lilikuwa langu."

"Bado nanuka?"

Kinyaa akamnusa shingoni mbele ya foleni nzima. "Unanuka waridi. Inanikinaisha!"

"Na wewe unanuka ndoo." Akaweka chini mwiko. "Nikija kwenu kuposa, nije nimeoga?"

"Oga, mpenzi wangu," Kinyaa alisema, analia na kucheka. "Ila maganda usiyaguse."