Nilimnyang'anya Nyanya Jukwaa Lake

Nina miaka ishirini na minne, nina digrii ya historia, na bado sina kazi. Nawaandikia wasomaji wenzangu nikiwa na aibu kubwa… Elimu yangu ndiyo niliyotumia kumuumiza nyanya yangu.

Nyanya Respa alilelewa katika nyumba za reli hapa Nakuru, ambako baba yake Zakayo alikuwa mchochea makaa. Tangu utoto wetu alitusimulia jinsi alivyoigiza katika ukumbi wa wafanyakazi miaka ya hamsini, akiwa msichana. Hakuna aliyemwamini! Hakuwa na hata picha moja.

Tulipopanga ibada ya shukrani kwa ajili yake, aliniomba jambo moja tu. "Wewe umesoma. Nitafutie jina langu, hawa niliowazaa wasikie kabla sijaenda."

Nilitafuta miezi mitatu. Mwishowe karani mmoja mstaafu wa reli, anayeishi mtaa wa Section 58, akanionyesha daftari kuukuu la ukumbi ule. Jina la Respa halikuwamo. Lakini kwenye orodha ya waigizaji, mara tano, niliona jina… Zakayo!

Sikulala vizuri wiki nzima. Je, nyanya alidanganya? Au umri ulimchanganya, akachukua hadithi za baba yake akazifanya zake? Niliwaza kila kitu, isipokuwa kwenda kumuuliza.

Siku ya ibada nilisimama mbele ya ukoo nikatangaza kwamba mwigizaji alikuwa Zakayo. Watu wakapiga makofi! Anko Tito, kitinda mimba wa nyanya, akacheka. "Kumbe mathe ulikuwa unatuuzia sinema ya guka, babu Zakayo!"



"Sawa, mjukuu wangu," nyanya akasema. "Wewe ndiye umesoma."

Hakuwahi kuitaja tena habari ile. Wiki tatu baadaye, moyo wake ulisimama.

Kwenye mazishi, bibi mmoja aliyekua naye katika nyumba za reli alisoma wasifu wa marehemu niliouandika, kisha akanivuta pembeni.

"We mtoto, nani alikudanganya Zakayo aliigiza? Zakayo alimchapa Respa mshipi kwa sababu ya kuigiza! Sisi wasichana tuliandikwa daftarini kwa jina la baba aliyepewa nyumba. Hata mimi humo naitwa Yohana, kama baba yangu. Huyu alikuwa akiimba, wanaume wanalia… Kwa nini hukumuuliza?"

Kwa nini? Kwa nini, jamani?

Nilitaka kupaza sauti, lakini jeneza lilikuwa limeshaanza kushushwa. Mikononi mwa waombolezaji wote kulikuwa na karatasi niliyoichapisha mwenyewe: "Respa, binti wa mwigizaji hodari." Hata kaburini nilimpa sifa zake yule aliyemchapa!

Ndugu zangu, mnaotafuta habari za wazee wenu, nawasihi msifanye kama mimi. Ukiona daftari linapingana na mzee aliye hai, lifunge kwanza. Nenda ukae karibu naye, umuulize, naye akuambie… maadamu angali anaweza kukujibu.