Ngano ya Wubalem

Wubalem alikuwa mjane. Aliishi peke yake katika nyanda za juu za Menz, kwenye nyumba ya mawe yenye shamba dogo la ngano nyuma yake. Mumewe, Getahun, alikuwa amefariki miaka mitatu iliyopita. Binti yao aliolewa mbali.

Kila Jumamosi Wubalem alioka mkate mmoja. Zamani mkate huo uliisha siku ileile. Sasa aliula siku nne, yeye na ukuta.

Mwezi wa Januari, baada ya mavuno, mwili wake ulianza kumchezea. Akishakula tu, kichwa kilimzunguka. Mikono ilitetemeka. Macho yaliona vitu viwili viwili. Njiani kwenda kisimani alipepesuka, akashika mawe ya ukuta asianguke.

Siku moja wanawake wa kanisa walikutana kwa jirani yake, Aregash. Wubalem alibeba mtungi wa pombe ya shayiri, zamu yake ilipofika. Mlangoni miguu ilimsaliti. Mtungi ulianguka ukapasuka.

"Heee!" Aregash alisema. "Mwenzetu ameanza mapema leo."

Wanawake walicheka.

"Sijaonja hata tone," Wubalem alisema.

"Hujaonja, ila miguu yako imeonja," Aregash alijibu, na kicheko kikazidi.

Tangu siku hiyo hakuitwa tena. Aregash alipokaanga kahawa, harufu yake ilivuka ukuta na kuingia kwa Wubalem. Alisikia vikombe. Alisikia wanawake wakichambua nafaka kwenye nyungo, wakipiga soga. Yeye hakuwa akichambua ngano yake tangu afiwe. Macho yalikuwa yamechoka, na kazi ile ni ndefu mno kwa mtu asiye na wa kuongea naye. Aliisaga hivyohivyo.

Siku moja mchana, bibi shamba wa eneo lile, Tiringo, alipita akamkuta ameketi chini, amekumbatia nguzo ya zizi.

"Mama Wubalem, unaumwa?"

"Pita zako, mwanangu. Hujaambiwa kwamba mimi ni mlevi?"

Tiringo aliinama karibu naye. Hakusikia harufu ya pombe. Alimpa maji, akamshika mkono hadi zahanati. Muuguzi alimpima shinikizo la damu, akampima na sukari. Vyote vilikuwa sawa.

"Leo umekula nini?" Tiringo aliuliza.

"Mkate. Nile nini kingine?"

"Naomba nione ngano yako."

Nyumbani Tiringo alimwaga ngano kidogo kwenye ungo. Akatenga punje moja moja kwa kidole.

"Hii ni ngano. Imevua maganda yake, imebaki uchi. Na hii? Ni nyembamba, ya kijivu, na bado imevaa ganda lake. Mama, hii si ngano. Ni enkirdadi."

"Enkirdadi naijua," Wubalem alisema. "Ni nyasi tu. Wengine huiacha kwenye nafaka makusudi ili pombe iwe kali."

"Ndiyo hiyo inayokulevya. Ndani ya mbegu yake mara nyingi huishi ukungu usioonekana kwa macho, na wataalamu wengi wanasema sumu inatoka huko. Ukiioka, sumu haiondoki. Ukila punje chache huenda usihisi kitu. Lakini hapa kila kiganja kina nyingi."

Wubalem aliokota punje moja ya kijivu, akaigeuza.

"Getahun alikuwa akitembea shambani kila Septemba, anang'oa," alisema. "Nilidhani anapunga upepo."

Tiringo alikwenda kwenye rundo la majani makavu, akarudi na masuke mawili.

"Shika hili la ngano. Ni nene, lina pande nne. Visuke vyake vimeegemeza mgongo wote kwenye bua. Sasa shika hili."

Wubalem alifumba macho, akapitisha vidole.

"Ni bapa. Jembamba."

"Kwa sababu visuke vimesimama kwa ukingo, kimoja huku, kingine kule. Kila kimoja kina ganda moja tu la nje, refu. Cha kileleni peke yake ndicho chenye mawili. Mmea ukiwa mchanga utakudanganya, maana unafanana sana na ngano. Geuza jani: chini linang'aa kama limepakwa siagi."

"Na mizizi yake? Nitaimaliza lini?"

"Hii huishi msimu mmoja tu. Ikizaa, inakufa, mizizi na yote. Mbegu zake hazidumu sana udongoni. Kila mwaka inarudi kwa sababu sisi wenyewe tunaivuna na ngano, kisha tunaipanda tena."

"Kwa hiyo miaka mitatu nimeipanda kwa mkono wangu."

"Bila kujua, mama."

Ngano ile Wubalem hakuila tena. Alikula shayiri aliyonunua sokoni. Ngano ya mbegu aliimimina kwenye maji ya chumvi, kama Tiringo alivyomwelekeza. Punje nyepesi zilielea, akazitoa. Zilizozama alizisuuza na kuzianika, kisha akazichambua juani, wiki tatu, peke yake. Takataka alizichoma moto. Hakuwapa kuku.

Septemba, ngano ilipotoa masuke, aliingia shambani kila asubuhi. Siku ya kwanza aling'oa ngano nzuri mara nyingi, akajilaumu kwa sauti, maana hapakuwa na mwingine wa kumlaumu. Siku ya tatu vidole vyake vilikuwa vimejua. Nene, aliacha. Bapa, aling'oa. Aliimaliza enkirdadi kabla haijaangusha mbegu.

Baada ya mavuno alioka mkate wa kwanza. Alikula kipande kikubwa, akaketi mlangoni kuungoja ugonjwa. Aliungoja mpaka kivuli cha nyumba kikafika zizini. Haukuja. Akasimama, akavuka ua wote bila kushika kitu. Hakuna aliyemwona.

Alifunga nusu ya mkate kwenye kitambaa, akaenda kwa Aregash. Wanawake walikuwa wamekaa na nyungo zao. Waliacha kuchambua.

"Nimeleta mkate," Wubalem alisema. "Ngano yake ni safi. Yenu sijui."

Aliinama juu ya ungo wa Aregash, akapapasa, akatoa punje mbili za kijivu zenye maganda, akaziweka kwenye kiganja cha mwenye nyumba.

"Hizi ndizo zilizovunja mtungi."

Aregash aliziangalia kwa muda mrefu. Hakuomba radhi. Alisogea kwenye mkeka, akaacha nafasi.

"Kaa hapa kwenye mwanga," alisema. "Kahawa ya kwanza bado sijaimimina."

Wubalem alikaa, akauvuta ungo magotini.